Kiti cha Mlangoni

Mahmoud hakuwa mtu mbaya. Aliwalipa mafundi wake kila mwisho wa mwezi, hakumtukania mtu mama yake, na sikukuu ya Idi aliwagawia pilau kwenye bakuli zenye mifuniko. Ila alikuwa anawafungia. Kila asubuhi, wakishaketi kwenye cherehani zao katika chumba cha nyuma, alivuta geti la chuma, akalitia kufuli, akamkabidhi mama yake ufunguo. Geti lilifunguliwa saa ya chakula, likafungwa tena, likafunguliwa jioni. Mwaka uliotangulia majora ya kitambaa cha sare yalikuwa yameibwa humo na mwizi hakujulikana, basi Mahmoud akaona heri awafunge wote kuliko kumshuku mmoja. Mwenyewe aliuita huo uadilifu.

Duka lilikuwa Nakasero, Kampala, mgongoni mwa soko, na lilishona sare za shule. Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha moja ambalo mpangaji wa zamani alikuwa ameliziba kwa matofali. Fremu ilibaki ukutani pamoja na komeo lake, na hakuna fundi mgeni ambaye hakuwahi kwenda kulifungua apate hewa, akakuta ukuta.

Celestine alikuwa ameshona humo miaka kadhaa bila taabu yoyote. Halafu asubuhi moja, kufuli lilipobana, alihisi mtu amesimama nyuma yake, upande wa kushoto, karibu kabisa, kama mtu anayetaka kusoma unachokiandika. Akageuka. Palikuwa na ukuta na lile dirisha lisilo dirisha. Mikono ikamfa ganzi, moyo ukamwenda mbio, hewa ikakatika, akajua kwa hakika kwamba anakufa, na kwamba atakufa na kola ya mtoto wa watu mkononi. Alum, msichana wa Lira aliyeshona cherehani ya jirani, alimpepea kwa kipande cha kitambaa mpaka ikapita.

Ilirudi. Ikazoea kurudi. Ikawa inamtangulia, akiingia kazini anaikuta.

Muuguzi wa kliniki moja huko Naguru alimpima, akamwambia moyo wake ni mzima. "Huu ni ugonjwa wa wasiwasi, dada. Upo, unatibika, si uongo na si uchawi. Nitakupa dawa na utakuja tuzungumze. Lakini mwambie tajiri wako. Akuweke karibu na mlango, asikufungie, na ikikushika akuruhusu utoke upumue kidogo. Hayo tu. Humwombi zawadi, unamwambia unachohitaji ili umfanyie kazi."

Hayo tu! Ukiwa umevaa koti jeupe kila kitu ni hayo tu.

*

Nyumbani kwao Ntinda, kwenye chumba kimoja nyuma ya safu ya maduka, Owino alikaa kitandani akakunja nne kama tajiri. Owino alikuwa mumewe Celestine, Mjaluo wa Siaya kama yeye, fundi wa kuchomea vyuma. Mwaka ule ziwa la kuendesha mitambo lilikuwa limeshuka na umeme ulikuwa wa mgawo, leo mtaa huu gizani, kesho ule, na mchomea vyuma bila umeme ni mtu amevaa miwani myeusi tu. Alikuwa na jina moja na soko kubwa kuliko yote mjini, na mfukoni hana kitu. Walikula kwa cherehani ya mkewe.

"Haya, mimi ndiye Mahmoud," Owino akasema. "Nieleze."

"Bosi, nina ugonjwa wa..."

"Simama hapo! Usianze na ugonjwa, Mama Akech. Ukitaja ugonjwa, tajiri anaanza kumtafuta mtu mzima. Wamejaa tele pale nje."

"Nianze na nini?"

"Anza na kiti. Mwambie, bosi, naomba kiti changu kikae mlangoni. Nani aliwahi kufukuzwa kwa sababu ya kiti?"

"Na wasiwasi?"

"Wacha wasiwasi," Owino akasema, na wote wawili wakaangua kicheko, kwa maana ilikuwa siku nyingi hawajacheka.

Akech, binti yao wa darasa la tatu, aliinua uso kutoka kwenye hesabu zake. "Mama, na akikataa?"

Owino alikunjua miguu, akarudi kuwa Owino.

*

Celestine alimwendea Mahmoud asubuhi, kabla ya geti kufungwa. Mahmoud alikuwa dukani mbele akifunga furushi la sketi. Mama yake, Bi Umulkheir, alikaa mahali pake pa siku zote, kwenye mkeka karibu na kaunta, tasbihi mkononi, ufunguo umefungwa kwenye pindo la mtandio.

"Bosi, naomba kiti changu kikae mlangoni."

"Kiti? Si uko na kiti, nnyabo?" Kila mwanamke kwake alikuwa nnyabo, yaani bibie kwa Kiganda.

"Ninacho. Nataka kikae pale, upande huu wa geti. Na cherehani yangu."

Mahmoud aliacha kamba. "Naye wewe, Serestini! Nikuweke wewe inje, wengine wako ndani? Watasema aje? Kesho kila mtu anataka kiti yake inje, tunashona kwa barabara."

Mashauri ya Owino yakaishia hapo. Celestine alisema yote: kufuli, mikono, hewa, muuguzi. Alilisema neno lenyewe, wasiwasi, na alipolisema alilisikia likiwa dogo, halitoshi.

Mahmoud alicheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Akapaza sauti kuelekea chumba cha nyuma. "Mnasikia, banange? Serestini ako na wasiwasi! Nani humo hana wasiwasi, atoe mukono juu! Mimi mwenyewe niko nayo ya watu wa kodi!"

Mafundi wakacheka, kama mafundi wanavyocheka tajiri anapotania. Alum naye alicheka, kisha akainamia uzi wake. Na Celestine, akiwa amesimama pale katikati ya duka, alitabasamu. Baadaye angesahau kicheko cha wengine wote, lakini si lile tabasamu lake. Lilimkera hata usingizini.

Mahmoud akabeba furushi lake akatoka kutafuta boda boda.

"Wewe wa Kenya," Bi Umulkheir akaita kutoka mkekani. "Hebu njoo hapa."

Miaka yote hiyo bibi hakuwahi kumwita kwa jina, kwa sababu hakuwahi kuliuliza. Alum alikuwa wa Lira, Celestine alikuwa wa Kenya, na fundi wa kukata alikuwa yule mrefu. Sikio lake moja lilikuwa limeziba, lakini hilo jingine lilikuwa limeokota neno moja.

"Umesema kiti?"

"Ndiyo, Bibi. Kiti."

"Kiti kweli?"

"Kiti tu, Bibi. Sina lingine."

Bi Umulkheir aliacha tasbihi. "Na akija, unasikiaje?"

Hapo ndipo Celestine angeshtuka, kama angekuwa Mombasa. Lakini huku Kampala watu hawahangaiki na ngeli. Gari anakuja, ugali ameiva, homa amempata mtoto. Mtu akisema *akija*, huulizi ni nani anayekuja.

"Akija moyo unapiga, Bibi. Mikono inakufa. Nasikia kama mtu amesimama nyuma yangu."

"Upande gani?"

"Kushoto."

Bibi aliangalia juu ya bega la kushoto la Celestine. Aliangalia kwa utulivu, kama mtu anayemwangalia mgeni aliyekawia kukaribishwa. Celestine alihisi shingo inamsisimka, lakini hakugeuka.

"Hapendi kufungiwa."

"Hapana, Bibi."

"Anataka mlango uwe wazi, na wewe ukae karibu."

"Ndiyo, Bibi!" Machozi yalimlenga. Mtu amemwelewa! Hakuhitaji hata kueleza mara mbili. "Hivyo hivyo. Nikipata hivyo nitashona vizuri tu."

"Sasa kwa nini unamwambia Mahmoud? Mahmoud anajua nini?" Bibi akampapasa mkono. "Nenda ukashone. Nitamsemesha."

Tuseme jambo lenyewe, maana Celestine hakulijua. Bi Umulkheir alizaliwa Kampala, lakini alilelewa na nyanya aliyetoka Bagamoyo na misafara ya wafanyabiashara, akaja na mafuta yake, na mitandio yake, na ngoma zake. Kwa watu wa ngoma hizo kiti si cha kukalia tu. Kiti ni mtu. Pepo humpanda mtu, na mtu huyo huitwa kiti chake. Na pepo akishapanda, haambiwi subiri. Anaulizwa jina, anaulizwa anataka nini, na anachotaka anapewa: kitambaa chekundu, marashi, beberu mweusi. Binadamu akiomba huulizwa anajiona nani, ila pepo anaulizwa kwa upole.

*

Kesho yake chumba cha nyuma kilinukia ubani. Chetezo kilikuwa chini ya dirisha lililozibwa, moshi ukipanda kwenye fremu na kujikunja kana kwamba unatafuta upenyo. Mafundi waliacha kuzungumza. Yule mrefu wa kukata alisogeza meza yake mbali na Celestine, polepole, kama mtu anayetafuta mwanga tu.

"Wanasema uko na kitu," Alum akamnong'oneza. "Bibi amesema na muke wa bosi. Ati anakaa kwa bega."

"Nani anakaa?"

"Mimi najua? Yako."

Saa ya chakula Mahmoud alimwita pembeni. Hakutania safari hii. "Nnyabo, hayo mambo ya mama yangu ni ya zamani. Ni shirki. Mimi sitaki majini kwa kazi yangu, wateja wakisikia wanakimbia. Basi sikiliza. Hiyo kitu yako ikikushika tena, hata mara moja, chukua mukoba wako, usirudi. Tumeelewana?"

"Bosi, sikusema jini. Nilisema kiti."

"Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Jioni alimweleza Owino. Owino alisikiliza akiwa amejishika kichwa. "Sisi ni watu wa kanisa, Mama Akech. Wewe unaimba kwaya. Rudi umwambie yule bibi ukweli."

"Ukweli nilishamwambia Mahmoud. Ukanifikisha wapi?"

Owino alijua kiti kilikuwa wazo lake.

Kuanzia siku hiyo Celestine alifanya kazi mbili. Mikono ilishona, na mwili mzima ulizuia. Akihisi mwenzake anasimama kushoto, aling'ata ulimi, akakanyaga pedeli kwa nguvu, sindano ikakimbia. Aliogopa hofu yenyewe. Wakati mwingine, cherehani zote zikinyamaza kwa pamoja, kama zinavyofanya bila kupanga, alisikia pumzi iliyochelewa kidogo kuliko yake. Alijiambia ni ya Alum.

*

Mgawo uliwakuta siku ya mvua. Wiki ya kufungua shule ilikuwa karibu na sare za shule nzima hazijaisha, taa zikazima. Mahmoud aliwasha jenereta. Siku zote ilikaa uani, lakini mvua ilikuwa ya mawe, basi akaiburura mpaka kwenye ujia kati ya duka na chumba cha nyuma, akaiacha pale ikinguruma. Akalivuta geti, akalitia kufuli, akampa mama yake ufunguo. "Mama, usifungue mpaka nirudi. Hata wakilia. Kitambaa kipya kiko humo." Akajifunika nailoni, akaenda kupeleka mzigo.

Mwanzoni ilikuwa harufu tu. Kisha yule mrefu akasema kichwa kinamuuma. Moshi ulipita kwenye geti kwa utaratibu, haukuwa na haraka, ulijua watu hawaendi popote. Fundi mmoja alienda kwenye dirisha, akashika komeo, akalizungusha, akakumbuka.

"Bibi! Tufungulie, moshi!"

Bi Umulkheir alikuwa amesimama upande wa pili wa jenereta, mtandio puani, asijue inavyozimwa. "Mahmoud amekataza," akasema. "Anarudi sasa hivi."

"Bibi, tutakufa!"

"Amekataza, wanangu. Vumilieni."

Alum alikohoa, akakaa chini, akalala ubavu kwenye vipande vya kitambaa kama mtoto aliyechoka. Celestine alimwona. Akahisi mwenzake anasimama nyuma, kushoto, karibu kuliko wakati wowote, na kwa mara ya kwanza hakumzuia. Hakuwa na nguvu ya kumzuia. Miguu ilimpeleka getini. Alishika vyuma akavitikisa, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, imekwaruzwa na moshi, sauti ya mtu mzee mwenye hasira ya siku nyingi.

"FUNGUA."

Mafundi waliokuwa nyuma yake walirudi hatua moja. Hata waliokuwa wanakohoa.

Bi Umulkheir alishusha mtandio. Uso wake ulibadilika, ukawa wa heshima. Akasogea karibu na geti, katikati ya moshi, akauliza kama alivyofundishwa na nyanya yake.

"Wewe nani?"

Tangu aanze kazi pale bibi hakuwahi kumuuliza hilo. Celestine akajibu kwa ukweli wake wote, kwa sababu hakuwa na kingine.

"Celestine!"

"Celestine," bibi akarudia, polepole, akilionja. "Karibu, Celestine. Unataka nini?"

Unataka nini! Maneno hayo yalimpiga kifuani kuliko moshi. Alilia, na ile sauti ikalia naye.

"Watu watoke. Wote. Geti lisifungwe tena kamwe. Kiti changu kikae mlangoni."

"Umepata, Celestine," akasema Bi Umulkheir, na mikono yake mizee ikaanza kufungua fundo la mtandio.

*

Waliketi barazani, mvua ikiwarushia matone. Alum alitapika, akazinduka, akaomba maji. Yule mrefu alikuwa amezima jenereta kwa teke. Bi Umulkheir alimpangusa Celestine uso kwa marashi, akampepea, akamwangalia machoni kwa muda.

"Amekwenda," akasema. "Pole, mwanangu. Wanachosha hawa. Sasa na wewe mwenyewe, jina lako nani?"

Celestine alifungua kinywa.

Kufuli lilikuwa mapajani mwa bibi, limefunguka, ufunguo bado unaning'inia. Alum alikuwa anamwangalia. Mafundi wote walikuwa wanamwangalia, na wote walilijua jina lake, na hakuna aliyesema neno. Yule mrefu alitikisa kichwa kidogo tu: usiseme. Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ulimi, na ukitoka, geti linarudi.

Mjaluo ana bahati moja. Padri humpa jina lake, na nyumbani humpa jingine. Yeye alizaliwa siku ya mvua, na nyumbani walimwita kwa hiyo mvua.

"Akoth," akasema.

"Akoth," bibi akasema. "Jina zuri."

Mahmoud alirudi akakuta geti wazi na watu wake barazani kama waliotoka majini. Aliiangalia jenereta. Aliyaangalia masizi ukutani, yalivyoingia mpaka ndani. Akamwangalia Alum, akaelewa, na rangi ikamtoka usoni. Mama yake alipomweleza habari ya mgeni Celestine na masharti yake, sisi wote tungetegemea apinge. Hakupinga. Mwanamume anayekaribia kuua mafundi wake kwa moshi ana mambo mawili ya kuamini, kosa lake au jini, na jini halipeleki mtu polisi. Wala hakuuliza kwa nini jini lina jina la fundi wake. Alisema "kale," yaani sawa kwa Kiganda, akachukua kufuli, akalitupa kwenye droo.

Na siku ile hakumwomba mtu samahani, wala siku nyingine.

*

Kiti kikawekwa mlangoni, kimetandikwa kitambaa cheupe. Geti halikufungwa tena. Mafundi walitoka kupumua walipotaka na sare ziliisha mapema kuliko mwaka mwingine wowote, na wala halikuibwa hata jora moja. Walimsalimu kwa heshima, na hakuna aliyekaa karibu naye. Alum alimletea chai, akaiweka chini, akarudi nyuma hatua chache kabla ya kugeuka. Alijua kama wengine kwamba hakuna jini. Lakini alikuwa ameisikia ile sauti.

Kila asubuhi Bi Umulkheir alisalimu mara mbili. "Hujambo, Akoth?" Halafu, akiangalia juu ya bega lake la kushoto: "Na Celestine?"

"Hatujambo, Bibi."

Mahmoud naye akamwita Akoth, kwa kuwa mama yake ndiye mwenye duka. Kwenye bahasha ya mshahara iliandikwa Akoth. Dawa za kliniki alizimeza, na muuguzi wa Naguru alifurahi sana. "Unaona? Ulimwambia tu, akakubali!" Mgonjwa wake alitabasamu, lile lile tabasamu. Mikono haikufa ganzi tena. Moyo ulitulia. Kwayani alirudi, ingawa mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba sauti yake imeshuka, haiko tena na akina mama.

Jioni moja alikuwa nyumbani Ntinda akimenya ndizi, mlango wazi kama alivyoupenda siku hizi. Akech alikuwa sakafuni na hesabu zake. Owino alikuwa anakuja kutoka bombani, jerikeni mkono huu na mkono huu, akaita kutoka nje, kwa furaha, maana umeme ulikuwa umerudi na kesho angekuwa na kazi.

"Celestine! Celestine, njoo unipokee!"

Akaendelea kumenya.

"Celestine!"

"Mama," Akech akasema, "Baba anaita."

"Namsikia," akasema Akoth. Akaweka kisu chini, akageuka, akaangalia nyuma ya bega lake la kushoto, kuona kama mwenzake amesikia.